Uzi: Final Fantasy ipi ndiyo kali? Sharti ni moja, uwe umeimaliza

Vivi_wa_Umoja

Wakuu, jana nilikuwa kwa matatu ya kutoka tao, Jogoo Road imeshikana vile huwa, na kijana aliyekaa kando yangu alikuwa anacheza Final Fantasy ya 7 kwa simu. Nikamsalimia kwa furaha. Tukapiga stori hadi Donholm, na mambo yalikuwa mazuri mpaka nilipomwambia mimi ni mtu wa ya 9. Akacheka. "Ile ya katuni?" Nilishuka stegi moja kabla ya yangu.

Basi tumalize haya maneno hapa. Hizi gemu za Wajapani zilianza 1987, leo tuko ya 16 ukiacha zile za pembeni, na kila mtu ana yake. Tetea yoyote unayotaka, ila usitetee gemu ambayo hujauona mwisho wake. Tukifuata hilo nusu ya kelele zitaisha zenyewe.

Naanza na yangu. Ya 9 ilitoka 2000, ya mwisho kwenye PlayStation ya kwanza. Mapema kabisa unakutana na mtoto mdogo mwenye kofia kubwa kumzidi, anaitwa Vivi, ameingia mji wa Alexandria kutazama mchezo wa kuigiza. Ana tiketi mkononi. Anafika dirishani anaambiwa ni feki. Sasa nitajie gemu nyingine ambayo mtu wako anaanza maisha kwa kuuziwa tiketi feki. Mimi nimewahi kusimama nje ya geti na tiketi ya aina hiyo, na nauli ya kurudi nimeshaila smoki. Nikajua huyu mtoto ni wetu.

Baadaye unagundua wachawi weusi kama Vivi wanatengenezwa chini ya ardhi, kijijini Dali, wanapakiwa kama mizigo na kupelekwa vitani. Wachache wamepata akili, wakatoroka, wakajijengea kijiji msituni. Huko wamefanya hesabu, wakaona kwamba wengi wao hawapitishi kama mwaka mmoja. Neno kufa hawalijui, wanasema mwenzao "amesimama". Kuna mmoja makaburini anangoja rafiki yake atoke ardhini ili akamwoshe kwenye kidimbwi. Nilikuwa darasa la saba nikicheza hapo, na sikumwambia mtu yeyote kilichonipata.

Na ujuzi unapatikana kwa kushika kazi. Unavaa kisu fulani, unapigana nacho, ukikusanya alama za kutosha ujuzi wake unakuwa wako hata ukikiuza. Ni kama kijana wa gereji anayejifunza kwa spana za mwenyewe. Kasoro? Mapigano yanachukua muda mrefu kufunguka, unaweza kuweka chai. Na ule mchezo wake wa karata, Tetra Master, nimeucheza miaka mingi na bado sijui ninavyoshinda.

Hironobu Sakaguchi aliyeanzisha hizi gemu mwenyewe alisema ya 9 ndiyo iliyokaribia zaidi kile alichotaka Final Fantasy iwe. Lakini sitaki kushinda kwa kubebwa na mwenye nyumba. Semeni.

Kijana_Roysambu

Ya 15. Nimemaliza mara mbili. Hizo zenu za matofali siwezi, watu hawana hata vidole.

Mkongwe_Buru

Vidole utavihesabu wewe. Sisi tulikuwa tunahesabu machozi.

Vivi, umeanza vizuri lakini umechelewa. Bora ni ya 6, ya 1994, na niliimaliza saiba mjini, juu ya kompyuta ya watu. Mnaokuja juzi sikilizeni hii. Emuleta, ile programu ya kuchezea gemu za zamani kwenye kompyuta, ilikuwa ndogo, shida ilikuwa gemu yenyewe: MB 3, na flopi inabeba 1.44. Hata ukiikandamiza haiingii kwa moja. Tulikuwa tunaikata vipande, flopi mbili mfukoni pamoja na ya tatu ya kuseivu, unaomba Mungu usiikalie kwenye basi. Tena tuliitafuta wiki mbili bila kuipata, kwa sababu tulikuwa tunatafuta "6" na Wamarekani waliiuza kama "3". Zile za katikati hawakuwa wamezipata, ya 4 wakaiita 2, wakaendelea kuhesabu vile walivyotaka.

Kwa nini ni bora: adui anashinda. Kefka, mtu wa kucheka ovyo na kupaka rangi usoni, unamchukulia kama kichekesho tangu mwanzo, halafu katikati ya gemu anavunja dunia. Anaivunja kweli, ramani inabadilika. Mwaka mmoja baadaye Celes, mmoja wa watu wako, anaamka kisiwani na mzee mmoja tu, Cid, na mzee ni mgonjwa. Kazi yako ni kumvulia samaki. Wale wanaoogelea haraka ni wazuri, wale wa polepole wanamzidishia ugonjwa. Hakuna anayekwambia hivyo. Mimi nilimpa wa polepole, ndio waliokuwa rahisi kushika. Nadhani mnajua kilichofuata. Nililipa dakika zangu nikatoka nikatembea hadi stegi ya Buru bila kuongea.

Kuna watu 14 wa kucheza nao na karibu kila mmoja ana kisa chake. Ya 7 ina wangapi? Tisa, na wawili unaweza kuwapita usiwaone kabisa.

Dada_Spira

Mkongwe, na wewe ulimlisha mzee samaki mbovu! Pole lakini.

Mimi ni wa ya 10 na sina maneno mengi ya vita. PlayStation ya 2 ilikuwa ya kaka yangu, South C. Yeye alikuwa anapigana, mimi kazi yangu kusoma na kumwambia stori inakwenda wapi, maana alikuwa anabonyeza tu maneno yapite. Halafu ikaja hii, 2001, ya kwanza kwenye mfululizo ambapo watu wanaongea kwa sauti. Nikapoteza kazi.

Kinachonishika ni hiki. Yuna anasafiri kutoka hekalu hadi hekalu ili apate nguvu ya kumshinda Sin, lile dude linaloangamiza miji. Walinzi wake wote wanajua kwamba akifika mwisho atakufa, hiyo ndiyo bei. Anayecheza hajui kwa sababu Tidus, kijana unayemwendesha, hajui. Tidus anasimulia jinsi atakavyompeleka Yuna kuona mji wake Zanarkand baada ya safari, na wenzake wananyamaza. Ukirudia gemu mara ya pili ndipo unaona kila aliyenyamaza alinyamaza kwa nini. Lulu, Wakka, hata Auron na ukali wake wote.

Na tafadhali mtu asiniletee kile kicheko cha Tidus na Yuna mjini Luca. Najua mnakicheka mitandaoni. Wanajilazimisha kucheka, ndivyo ilivyoandikwa! Ni kama mtu kucheka kwenye matanga ili wengine wapate ruhusa.

Halafu Waal Bhed, kabila moja la huko. Wana lugha yao, na unaokota vitabu 26, kila kimoja kinakufungulia herufi moja. Mimi na rafiki yangu tuliijua yote kwa kichwa, tukawa tunaandikiana barua za Kiswahili kwa herufi za Al Bhed. "Mambo" ni "syspu". "Poa" ni "buy". Mwalimu alishika karatasi moja akaipeleka kwa mwalimu wa Kifaransa.

Mkongwe_Buru

Syspu, Dada.

Dada_Spira

Buy 😂

KadiTatu

Nimesoma hadi hapa na hakuna aliyetaja ya 8. Ni ya 1999. Nitaitetea mimi.

Watu wanaichukia kwa sababu waliicheza vibaya. Walipigana wapande ngazi, kama walivyozoea ya 7, halafu wakashangaa mbona maadui ni wagumu. Ya 8 maadui wanapanda na wewe! Ukifika ngazi ya 100 na mijusi ya msituni imefika huko. Siri iko kwenye uchawi: unauvuta kutoka kwa adui, unaukusanya hadi mia, unauunganisha na nguvu zako. Uchawi ni akiba, ukiutumia unapungukiwa mwilini. Gemu gani nyingine inakufundisha kuweka akiba?

Na unalipwa mshahara. Squall, kijana unayemwendesha, ameajiriwa, ana cheo, pesa inaingia ukitembea. Ukizembea cheo kinashuka. Ukitaka kupanda unafanya mtihani wa maswali kumi, ndiyo au la, na iko mitihani 30. Nilifanya yote na kamusi mkononi. Kiingereza cha KCPE nilikipata hapo, sikukipata darasani.

Triple Triad ndiyo karata bora kuwahi kuwekwa ndani ya gemu. Ndiyo jina langu hapa. Hiyo ya 9 hata mwenyewe amekiri haielewi.

Vivi_wa_Umoja

Karata nakupa. Lakini karibu wote kukulia kwenye nyumba moja ya watoto yatima, halafu wasahau wote isipokuwa Irvine, mpaka siku moja wako uwanjani ndipo wanakumbuka? Wote kwa mpigo?

KadiTatu

Viumbe wanaowabeba kichwani ndio wanaokula kumbukumbu. Imeelezwa. Unasoma au unabonyeza kama kaka yake Dada?

Kijana_Roysambu

Swali kwa KadiTatu. Umemaliza?

KadiTatu

Nimefika kasri ya Ultimecia, yule adui wa mwisho.

Kijana_Roysambu

Sijauliza umefika wapi.

Fundi_Luthuli

Acheni kumwonea. Nimetengeneza PlayStation tangu zile za kwanza na nitawaambia kitu. Mji huu hakuna mtu anayemaliza gemu ya diski nne.

Diski halali ya PlayStation ya kwanza chini ni nyeusi. Nani hapa aliwahi kushika nyeusi? Zetu zilikuwa za fedha, au za kijani kama maji ya bwawa, zimechomwa haraka haraka, na mashine imetiwa chipu ndani ndiyo ikubali. Lenzi ya zile mashine za mwanzo ilikuwa inalegea kwa joto, ikishalegea ya kwanza kukataliwa ni diski ya kuchoma. Ndiyo maana mliona watu wanageuza mashine juu chini. Hiyo haikuwa uchawi, lenzi ilikuwa inakaa vizuri kidogo ikining'inia.

Sasa unanunua gemu. Muuzaji anakujaribia mbele yako. Anajaribu diski gani? Ya kwanza. Picha imetoka, muziki umelia, unalipa, unaenda. Diski ya 2 utajua mwenyewe baada ya wiki mbili, ya 3 baada ya mwezi, na ukirudi hakukumbuki. Halafu bei. Kila diski inahesabiwa kivyake, kwa hivyo gemu moja ya diski nne ni sawa na gemu nne za mpira. Mzazi gani atakuelewa?

Kwa hiyo nikisikia watu wanasema ya 7 ndiyo bora, huwa nauliza tu: ulifika diski ya ngapi?

Mkongwe_Buru

Fundi umenigusa. Kuna mwaka nilibeba ya 7 hadi kibanda cha gemu mtaani, kule watu wanalipa bob kumi kwa mechi. Nikaketi, nikaanza. Baada ya nusu saa mwenye kibanda akaja: "Hii mechi inaisha lini?" Nikamwambia saa 40. Alichomoa padi mkononi mwangu kwa upole kabisa.

Vivi_wa_Umoja

Fundi, subiri. Umenifungua macho, wacha nifikirie kwa sauti.

Ya 7 ina diski tatu. Midgar yote iko diski ya kwanza: ule mji wa bamba la chuma hewani, wakubwa juu, mabanda chini, na kampuni moja inanyonya uhai wa dunia itengeneze stima. Kila nikipita chini ya Expressway pale Mombasa Road, magari ya wanaolipa yakipita juu ya kichwa changu na mimi nimekwama chini, nakumbuka mabanda ya Sekta ya 7. Hiyo ni diski ya kwanza. Aerith, mmoja wa kundi lako, kuchomwa upanga na adui Sephiroth akiwa anaomba, ndiyo mwisho wa diski ya kwanza. Yaani ile ya 7 ambayo Nairobi nzima inaipenda, Nairobi nzima iliiona hata kama diski nyingine mbili zilikuwa za kufunika glasi ya chai.

Ya 8 moyo wake uko wapi? KadiTatu atasema diski ya 2 na ya 3. Ya 9, kijiji cha wachawi weusi kiko diski ya 2. Diski ya kwanza ya ya 9 ni vichekesho, binti wa mfalme anatoroka, mlinzi wake Steiner anapiga kelele kama sufuria. Yule kijana wa matatu alisema "ile ya katuni". Huenda aliona diski ya kwanza ya kaka yake, basi.

Na ya 10 ni DVD moja. Ukiweza kuianza unaweza kuimaliza. Dada hajawahi kukosa usingizi kwa sababu ya diski.

Dada_Spira

Usingizi nimekosa kwa radi. Kukwepa radi 200 mfululizo Thunder Plains ili Lulu apate kifaa cha silaha yake. Kaka alifika 187 stima zikapotea. Hakuicheza tena hadi leo, sasa ana watoto wawili.

Fundi_Luthuli

187! Wacha ninyamaze dakika moja.

Mimi mwenyewe ni wa ya 12, ya 2006, maana hamkuniuliza. Wengi waliikataa kwa sababu Vaan, unayeanza naye, hana kazi ndani ya stori yake mwenyewe, na ni kweli, Balthier anajiita shujaa na hakuna wa kumbishia. Lakini pale ndani kuna gambiti. Unaandika masharti: mwenzako akiwa chini ya nusu ya uhai, mponye, adui akiwa anaruka, mpige kwa mishale, na kadhalika, juu hadi chini, la juu ndilo linalotangulia. Ukipanga vizuri watu wako wanapigana wenyewe. Mchana nimeinama juu ya mashine za watu, jioni nakaa na kikombe naangalia mpango wangu ukifanya kazi. Ukikosea mstari mmoja, mganga wako anamwaga dawa zote kwa mtu ambaye haumwi.

Wako wanaosema gemu inayojicheza si gemu. Basi na mwajiri aliyewapanga wafanyakazi vizuri aambiwe hafanyi kazi. Kuna joka linaitwa Yiazmat lina uhai zaidi ya milioni 50. Bila gambiti utabonyeza hadi kidole kikauke.

Kijana_Roysambu

Nyinyi wazee mnaongea diski, diski. Mimi nilipakua. Kupakua nako kuna mambo yake, bando ilikatika mara tatu.

Nisikilizeni basi kuhusu ya 15. Inaanza na vijana wanne wanasukuma gari barabarani, limewazimia, jua kali. Mtoto wa mfalme naye anasukuma. Nani hapa hajasukuma gari Outering? Huyo mtoto wa mfalme, Noctis, anaenda harusini kwake na marafiki zake watatu, na sehemu kubwa ya gemu ni hiyo tu, barabara, muziki, mmoja anapiga picha, mmoja anapika. Ignis kila akiona kitu anasema amepata upishi mpya. Ujuzi uliokusanya mchana hauingii mpaka ulale, na ukilala hoteli ya bei unazidishwa. Jioni unachagua picha za siku hiyo za Prompto, nyingine amejipiga mwenyewe.

Stori ina mashimo, najua. Ilitangazwa 2006 kwa jina lingine ikatoka 2016, na mahali pengine unaona kabisa walipounganisha. Lakini ule usiku wa mwisho kambini, wakiwa wamekaa kwenye moto, Noctis anapata shida kusema anachotaka kusema. Mimi nina marafiki watatu tuliosoma nao Thika Road. Mmoja ako Qatar, mmoja hatuongei. Basi.

Mkongwe_Buru

Kijana, nimeondoa maneno ya vidole.

Dada_Spira

Na ya 13?

Fundi_Luthuli

Korido. Sura kumi za kwanza unatembea mbele. Muziki mzuri, nywele nzuri, korido.

KadiTatu

Ya 14 nimeijaribu, ile ya mtandaoni. Waliitoa 2010 ikawa mbaya hadi wakaifunga, wakaangusha mwezi juu ya dunia yake, wakaijenga upya 2013. Hiyo peke yake ni stori nzuri kuliko ya 13. Lakini ukiwa hapa seva iko mbali, unaona shimo la moto limeisha na wewe umeshakufa ndani yake.

Kijana_Roysambu

Ya 16?

Fundi_Luthuli

Ni nzuri. Ni ya kupigana. Bei yake nitaitafuta mwaka ujao.

Mkongwe_Buru

Halafu eti "Fainali" na tuko ya 16. Nilikuwa naambia watu waliita hivyo kwa sababu ilikuwa ndiyo ya mwisho ya Sakaguchi kabla ya kuacha kazi. Baadaye nikasikia mwenyewe amesema walitaka tu jina linalofupishwa kwa F mbili. Miaka yote nimehubiri uongo Buru.

Vivi, wewe ndiye uliyeweka sharti. Hukutuambia uliimaliza lini.

Vivi_wa_Umoja

Nilikuwa natumaini hamtauliza.

2003 nilipewa diski tatu. Jirani aliyehama alituachia, ya 4 haikuwepo kwenye pakiti. Nikacheza hadi ile skrini ya kusema weka diski ya 4, nikaiangalia. Niliseivu hapo. Nilikuwa nawasha mara kwa mara, naizungusha timu yangu, nazima. Nikatafuta ya 4 River Road, Moi Avenue, kila mahali, hakuna mtu anakuuzia diski moja pekee, kama kipande kimoja cha mkate. Mwishowe mashine ikafa.

2016 ikatoka kwa simu. Nilikuwa na kazi tayari, nikalipa kwa pesa zangu, ya kwanza halali maishani mwangu. Nikaanza mwanzo. Nilipopita pale palipokuwa skrini ya diski ya 4 nilisimamisha matatu, nikashuka, nikamalizia kwenye benchi.

Mwishoni kuna sauti inasimulia, inaaga wenzake mmoja mmoja, na pole pole unaelewa ni Vivi. Halafu wanakuja Alexandria kutazama mchezo wa kuigiza, watoto wenye kofia kama yake, wanasema ni wanawe. Yeye mwenyewe hayupo. Hakuna anayetaja kwa nini.

Kwa miaka 13 Vivi wangu alikuwa hai, kwa sababu nilikosa diski.

Dada_Spira

Uwiii.

Mkongwe_Buru

Yule jirani alikufanyia wema bila kujua.

KadiTatu

Sawa. Na mimi niseme.

Sikuimaliza ya 8 kwa sababu ya ujinga wangu. Timu yangu ilikuwa Squall, Zell na Rinoa, uchawi wote niliwapa hao watatu, wengine niliwaacha watupu. Kasri ya Ultimecia inakufungia vitu vinane: uchawi, dawa, kufufua, kuseivu, na kadhalika. Kila ukiua mkubwa mmoja unachagua kimoja kifunguliwe. Nilichagua kuseivu kwanza, stima za kwetu mnazijua. Nikafungua vyote. Nikaenda kwa Ultimecia. Kumbe anakuchagulia yeye nani aanze! Akanipa Irvine, Quistis, Selphie. Walikaa kama sekunde nane.

Nilijaribu wiki nzima. Halafu shule zikafunguliwa, mashine ikapelekwa ushago, na hadithi ikaishia hapo. Kadi ya memori ninayo bado, iko kwa droo na risiti. 2002 hiyo. Nadhani betri yake imeshakufa zamani.

Fundi_Luthuli

Betri gani? Zile za katriji ndizo zina betri. Kadi ya PlayStation haina, iko kama flashi. Kama haijaingia maji iko vile uliiacha. Njoo nayo Jumamosi dukani, mashine ninayo, diski zote nne ninazo na nimezijaribu zote nne.

Vivi_wa_Umoja

Nakuja pia. Nitaleta smoki.

Kijana_Roysambu

Mnaendesha hadi saa ngapi? Nataka kuona hayo matofali.

KadiTatu

Jumamosi, saa nane na nusu. Niko hapa kwa Fundi. Kadi imefunguka.

Bloku 15. Kumi na mbili ni za mpira, binamu yangu Mungu anamwona. Moja ya mbio za magari. Moja haisomeki. Moja ni Squall, saa 71 na dakika 12.

Dada_Spira

Siamini. Usiguse chochote.

KadiTatu

Nimegusa. Tumekaa dakika 40 tunagawa uchawi. Quistis hakuwa na kitu, maskini. Vivi anasema nimpe ule wa kuponya, Fundi anasema kwanza nguvu. Kijana ameuliza mara mbili kwa nini hawana macho.

Mkongwe_Buru

Niko jamu, Jogoo Road. Nisubirini.

KadiTatu

Haingojeki, Fundi anasema stima zimeanza kuchezacheza. Nimeingia.

Amechagua Quistis, Irvine, Selphie. Wale wale!

Vivi_wa_Umoja

(Naandika mimi, yeye mikono imeshika padi.) Ya kwanza amepita. Sasa ni yule simba wa Squall, mnyama anayeletwa na Ultimecia. Irvine ameanguka, wakati umemmeza, ameingia Zell. Zell ameanguka. Selphie yuko chini.

Dada_Spira

Na Quistis?

Vivi_wa_Umoja

Ndiye peke yake bado amesimama.